Usaha sikioni wiki ya tano: kabla ya dawa kali zaidi, kausha sikio

Pole sana, mama. Umeandika kwamba kiwambo cha sikio la mwanao kimetoboka, usaha unatoka wiki ya tano sasa, amemaliza chupa tatu za amoksilini, na unauliza kama ipo antibayotiki ya kunywa iliyo kali zaidi. Nimeyapitia hayo na binti yangu akiwa na miaka minne.

Mwanzoni dawa ya kunywa ilikuwa sahihi. Kiwambo kikitoboka kwa maambukizi mapya, mara nyingi huziba chenyewe. Lakini usaha ukipita siku 14 tatizo limekuwa sugu, na wadudu waliomo mara nyingi si wale wa mwanzo. Wengi ni Pseudomonas, ambao amoksilini haiwagusi. Ndiyo maana binti yangu alimaliza chupa baada ya chupa na kila asubuhi mto ulikuwa na doa la njano linalonuka.

Kilichomponya ni matone ya siprofloksasini aliyoandikiwa kwa wiki mbili, pamoja na kukausha. Tena kukausha ndiko wengi tunakopuuza! Matone yakikuta usaha hayafiki penye ugonjwa. Nilikuwa nasokota kitambaa safi cha pamba kiwe utambi, nauingiza taratibu, naacha unyonye, natoa, naweka mwingine, mpaka utoke mkavu. Mara tatu kwa siku. Vijiti vya masikio usiviguse. Kisha analala ubavu, kichupa nimekishika kiganjani kipate joto, maana matone ya baridi yalimtia kizunguzungu. Nikishadondosha, nabonyezabonyeza kile kinyama cha mbele ya tundu la sikio ili dawa isukumwe ndani. Siku ya sita utambi ulitoka mweupe. Nililia.

Ukienda kuchukua matone, sema wazi kwamba kiwambo kina tundu. Sisi tulipewa kwanza ya jentamaisini. Daktari wa masikio akayasimamisha palepale, kwa sababu yakipenya ndani yanaweza kuua usikivu.

Akioga, mzibe kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando. Kuogelea hapana. Akivimba nyuma ya sikio, uso ukipinda, au akiumwa sana kichwa na homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na hata likikauka, mrudishe akapimwe usikivu. Wangu alikuwa haitiki nikimwita akiwa amenipa mgongo, nami miezi yote ile nilimgombeza nikidhani ni ukaidi.