Mwanangu, nenda kasomee kukata

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu hapa kibandani, mara ya mwisho kwa sauti ili baba yako naye asikie. Unauliza: shahada unayo tayari, je, kuna maana kwenda Uingereza kusomea uzamili wa ubunifu wa kukata pateni, vile vipande vya karatasi vya kukatia nguo, mwaka mzima na ada yote ile, wakati mama yako amekata nguo hapa Ujiji tangu hujazaliwa bila kusomea popote?

Nenda, mwanangu.

Unamkumbuka yule mteja wa Gungu ambaye bega lake la kulia limepanda? Mafundi walikuwa wanamkatia pande zote mbili sawa, gauni linavutika, mkunjo unatoka shingoni hadi kwapani. Mimi nilimkatia kila upande na pateni yake. Kushoto nikashusha bega, na tundu la mkono nikalishusha kiasi kile kile. Likamkaa. Wasichana ninaowafundisha wakaniuliza nimejuaje. Niliwaonyesha kwa mikono, lakini kueleza sikuweza, na usiku ule sikulala vizuri. Ninachokijua kimo mikononi tu, na mikono imeanza kuuma.

Idi iliyopita ulinisimulia habari za Madeleine Vionnet, yule Mfaransa aliyezaliwa 1876, aliyekuwa akibuni kwa kumzungushia kitambaa mwanasesere mdogo wa mbao kabla ya kukata nguo ya mtu. Ukasema sifa yake kubwa ni kukata mshazari. Ulipoondoka nikajaribu. Nikachukua kitenge cha mteja, yadi 6, nikakilaza kwa pembe ya nyuzi 45, nikakata, nikashona, na pindo nikalikunja siku ile ile. Asubuhi nakuta pindo limeshuka, huku refu, kule fupi. Kumbe kitambaa cha mshazari hunyumbuka kwa uzito wake chenyewe, lazima kining'inizwe usiku kucha ndipo upime pindo. Kitenge kile nilikilipa. Wewe jambo hilo utaambiwa darasani, tena na sababu yake, kisha uje uwaambie wasichana wangu.

Ila kabla hujakubali nafasi, waulize wa chuoni jambo moja: wanafunzi wanakata kwa mikono? Hizo programu za kompyuta zinazomvisha mtu wa kwenye skrini sizikatai, zinaokoa vitambaa vya majaribio. Lakini skrini haikwambii kitambaa kinavyoteleza chini ya mkasi. Nataka ukate kitambaa cha marekani, ubandike kwenye sanamu ya kushonea, ubandue, ukate tena.

Na swali la utafiti ninalo, kama utalikubali. Chini ya meza yangu kuna gunia la vipande vya vitenge, linajaa kila baada ya wiki chache. Kanga haitupi kitu: ni mstatili, inapindwa, inavaliwa. Gauni la kitenge linatupa, na ukitaka maua yalingane kwenye mishono linatupa zaidi. Uliniambia wako wabunifu wanaopanga vipande vya pateni vishikane mpaka kisibaki hata kipande kimoja. Vifanyie hilo vitenge, na ukumbuke mwili wa mama wa Kigoma, mwenye nyonga. Hilo sijaliweza.

Baba yako anataka kuuza shamba. Nimemkatalia. Omba kwanza ufadhili wa Chevening, unalipia uzamili wa mwaka 1 Uingereza, na Watanzania wanaomba. Sharti lake ni kurudi nyumbani angalau miaka 2. Hapo mimi na wao tumekubaliana.

Umesema chuo kinataka kuona kazi zako. Pateni za yule mama wa Gungu nimezifunga kwenye gazeti, kulia na kushoto, vipimo nimeviandika kwa kalamu ya risasi. Shangazi yako anapanda treni Ijumaa, atakuletea. Zipige picha zikiwa bapa, kisha shona gauni la marekani kwa vipimo hivyo ulipige likiwa limevaliwa. Usinyooshe pale nilipofuta nikachora upya.

Mama yako