Nondo za Jinja na ushuru wa kaboni wa Ulaya

SWALI: Kiwanda chetu kinayeyusha vyuma chakavu kwa tanuri la umeme na kutengeneza nondo. Mnunuzi wa Ubelgiji anadai hesabu ya hewa ukaa kabla hajaagiza. Umeme wetu ni wa mabwawa ya Nile. Si tutasamehewa? — Msimamizi wa uzalishaji, Jinja

JIBU: Hakuna msamaha, hata kwa nchi zenye maendeleo duni kama Uganda. Tangu tarehe 1 Januari 2026 ushuru huu wa kaboni, unaotozwa kwa hewa ukaa iliyotoka bidhaa ikitengenezwa, unahesabiwa, ila mlipaji ni mnunuzi wa Ulaya. Muulizeni kwanza anaingiza kiasi gani: chuma, aluminiamu, saruji na mbolea zake kwa pamoja zisipozidi tani 50 kwa mwaka, haumhusu.

Umeme wa maji hauwapunguzii kitu. Kwenye saruji na mbolea umeme huhesabiwa. Kwenye chuma bado. Kinachowabeba ni skrepa, yaani vyuma chakavu, kwa sababu inaingia kwenye hesabu ikiwa sifuri. Hapo mzigo mkubwa unabaki kwenye tanuri la kupashia moto bileti, yaani mapande ya chuma yanayovutwa kuwa nondo. Tani 1 ya mafuta mazito hutoa takriban tani 3.1 za hewa ukaa. Mkichoma tani 40 kwa nondo tani 1,000, ni tani 124, yaani 0.124 kwa kila tani ya nondo. Ongezeni kaboni na feromanganizi (mchanganyiko wa chuma na manganizi) mnazotia kwenye myeyusho.

Hesabu huharibika skrepa inapoadimika mkanunua bileti za nje. Bileti iliyotokana na makaa ya mawe huja na zaidi ya tani 2 za hewa ukaa kwa kila tani, na zote zinahamia kwenye nondo yenu. Basi kila fungu la nondo liandikwe namba ya myeyusho wake, na bileti za kununua zipangwe mbali na zenu. Zikishachanganyika uwanjani, hakuna karatasi itakayozitenganisha.

Tunzeni tiketi za mizani, hati za mafuta na vipimo vya tangi vya kila mwisho wa mwezi. Mhakiki aliyeidhinishwa atavitaka, na mara ya kwanza ni lazima afike kiwandani. Bila uhakiki, mnunuzi atatumia makadirio ya Ulaya, yenye nyongeza ya asilimia 10 mwaka 2026, 20 mwaka 2027 na 30 kuanzia 2028. Inauma kuona chuma cha skrepa kikitozwa kama cha makaa kwa kukosa daftari tu.

SWALI: Kahawa yetu nayo itatozwa? — Mkulima, Masaka

JIBU: Hapana. Kahawa ina kanuni yake ya misitu: shamba lipimwe kwa GPS, na lisiwe mahali palipokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020.