Medali Zilikuwa Zimekwisha

Juzi usiku dada mmoja wa Mafinga kaniandikia: "Kaka, nilijiandikisha mbio za kilomita 21, nikaishia ya 13 nikapanda bajaji. Mume wangu ananicheka mpaka leo. Mwakani nirudi au niachane nayo?" Nilitaka kumjibu mistari miwili nikalale. Nimeshindwa, maana kanitonesha kidonda.

Dada, mimi nilipanda bodaboda.

Ni miaka miwili iliyopita, hapa hapa Mbeya. Tulianzia uwanja wa Sokoine saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa saba, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Nilivaa viatu nilivyonunua Mwanjelwa siku mbili kabla, mtumba wa daraja la kwanza, vinang'aa. Filimbi ilipolia nikajibandika nyuma ya vijana wa jeshi. Mafiati nikamwona mtu niliyesoma naye, nikampungia mkono. Ule mkono najuta mpaka leo. Kufika Sae kisigino kimechubuka, na kabla ya Uyole msuli wa mguu ukakaza kama waya. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro. Mama mmoja muuza ndizi akanipa kikombe cha maji, nikamwambia ndaga fijo, yaani ahsante sana kwa Kinyakyusa, akanijibu, "Nenda nyumbani, mwanangu." Nikaikunja namba ya kifuani nikaitia mfukoni, nikamwomba boda apite njia za ndani.

Yule boda naye alikuwa na akili za ajabu. Akanishauri anishushe karibu na uwanja, niingie nikikimbia nichukue medali yangu. Nilikataa, ingawa nakiri nilifikiria mpaka taa za Mafiati. Baadaye nikasoma kwamba jambo hilo lilishatokea kwenye Olimpiki yenyewe! Mwaka 1904, St. Louis, Mmarekani Fred Lorz aliishiwa nguvu kwenye marathoni, akapanda gari, kisha akashuka na kuingia uwanjani akikimbia, watu wakamshangilia kama bingwa. Alipobanwa ushindi akapewa Thomas Hicks. Kwa hiyo dada, wa kwanza kupanda gari si wewe. Wewe angalau hukurudi kudai medali.

Baada ya hapo nilikaa miezi saba bila kukimbia hata kuwahi daladala. Aliyenirudisha barabarani ni mzee mmoja mstaafu wa mtaani kwetu, aliyefundisha michezo enzi zake. Nikamwamkia, akaitika marahaba, halafu hapo hapo: "Akhwari unamjua?"

"Si yule aliyemaliza wa mwisho, mzee?"

"Umejua nusu."

Nusu niliyoijua ndiyo tunayoijua wote. Olimpiki ya Mexico City, 1968, mji ulioko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari alibanwa na misuli kwenye marathoni, akaanguka, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea. Walioanza walizidi 70, waliomaliza ni 57, na wa 57 ni yeye, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda zaidi ya saa moja kabla, na watu wengi wameshatoka uwanjani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Nusu ya pili ni hii. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa tano. Yule alikuwa mkimbiaji wa kweli aliyepata siku mbaya. Sisi tumemgeuza kisingizio cha uvivu: mtu hafanyi mazoezi, akichechemea anajiita Akhwari. Hata viongozi timu ikirudi mikono mitupu wanatuambia muhimu ni kushiriki. Tuna medali mbili tu za Olimpiki, zote za fedha, zote Moscow 1980: Filbert Bayi na Suleiman Nyambui.

Na huyo Bayi ndiye somo langu la kwanza kwako: anza taratibu. Mwaka 1974 kule Christchurch aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola mpaka utepe, akaweka rekodi ya dunia, 3:32.16. Lakini Moscow, kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, aliondoka kwa kasi ile ile na Malinowski wa Poland akamkamata mwishoni. Kama Bayi alikamatwa, wewe na mimi ni akina nani? Somo la pili, usivae viatu vipya. La tatu ni lile la kwanza.

Na mshukuru Mungu kwamba ulianza. Olimpiki ya Montreal 1976 Bayi alikuwa na miaka 23 na rekodi yake mkononi, lakini nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, zikasusa kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya makaburu. Nchi ilisusa kwa haki, nasi tunajivunia. Ila yeye hakupata hata nafasi ya kushindwa. Vijana wa leo mnapewa barabara, maji na polisi wa kuzuia malori, mnaleta habari za aibu! Aibu ya nini?

Basi mwaka huu nimemaliza. Kilomita 21, saa 2 na dakika 58, na sikutembea isipokuwa ule mlima wa kwenda Nanenane. Nilipofika, turubai zinashushwa, spika zimeshapakiwa. Kijana mmoja mwenye fulana ya waandaaji akaniambia, "Medali zimekwisha, kaka. Acha namba tutakupigia." Ada nililipa sawa na wa kwanza, tena mapema. Sikubishana, pumzi zenyewe sikuwa nazo.

Dada, jiandikishe mwakani. Na mumeo mchukulie namba yake, acheke akiwa kilomita ya 13.

Mimi bado nasubiri simu. Namba yangu yule kijana aliiandika kwa kalamu kwenye kiganja.