Onja Kwanza Kabla Hujajipaka Kichwani

Usiku mmoja mwezi wa saba niliamshwa na kitu kinachotembea shingoni. Nikawasha tochi ya simu. Sisimizi! Mstari umenyooka kutoka dirishani, umepanda kitanda, umepita juu ya mto na kuishia ndani ya kilemba changu.

Chanzo kilikuwa chai. Mchana wake nilikuwa nimesoma kwamba chai ya rangi inazuia nywele kukatika, na kwenye chupa vilikuwa vimebaki vikombe viwili vya asubuhi. Nikajimwagia, nikafunga kilemba, nikalala bila kusuuza. Nilisahau kwamba nyumbani kwetu hapa Uyole, Mbeya, sukari inatiwa kwenye sufuria, si kwenye kikombe. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, kwani hukuionja?"

Tangu siku hiyo naonja. Maelekezo mengi ya mitandaoni yanasema "tumia mabaki ya jikoni", lakini kiporo chetu kimeshapita kwenye chumvi, kitunguu na mafuta ya kukaangia. Chumvi inakausha nywele, na nywele zetu za kipilipili zenyewe ni kavu. Kwa hiyo kama unataka cha kupaka kichwani, kiweke kando kabla hakijakutana na chumvi wala sukari. Kilichobaki baada ya watu kula, wape kuku.

Kinachonifaa mimi zaidi ni parachichi. Huku hatuna shida nayo; Rungwe na Njombe zinalima mpaka za kuuza nje, na sokoni utapata zilizoiva kupita kiasi kwa bei ya kutupa. Ila angalia aina. Parachichi zetu za kienyeji nyingine zina nyuzi, na nyuzi hizo zikishaingia kwenye nywele hazitoki. Nilishakwenda kanisani na kichwa kilichojaa vijiti vya kijani. Mtoto wa benchi la nyuma alinichambua ibada nzima. Siku hizi naponda kwa mwiko, kisha napitisha kwenye chujio la chai, lile la waya, nikisukuma kwa kijiko. Kinachopita ni laini kama siagi. Naongeza vijiko viwili vya mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa machache yanayopenya ndani ya unywele wenyewe. Mengi yanabaki juu. Nagawa nywele mafungu manne, napaka kuanzia nchani kwenda juu, kwa sababu nchani ndiko kukongwe na ndiko kunakokatika. Dakika thelathini zinatosha. Juu nafunga kofia ya plastiki ya kuogea. Zamani nilitumia mfuko wa nailoni, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, na ule wa akiba niliokuwa nao umeshachanika.

Ndizi mbivu achana nazo. Hata ukiziponda vipi, vipande vinabaki, na vikikauka vinanata kama gundi.

Yai je? Watakwambia ulisuuze kwa maji ya baridi lisije likagandia kichwani. Maji ya baridi, Mbeya, mwezi wa saba! Halafu protini ya yai ni kubwa mno, haipenyi kwenye unywele. Likaange ule.

Maji ya mchele nilianza kwa kuyadharau. Kule China, kijiji cha Huangluo, kuna wanawake wa kabila la Wayao (si Wayao wetu wa Tunduru) wanaojulikana kwa nywele ndefu sana, na wanaoshea maji ya mchele yaliyochachishwa. Mimi natumia mchele wa Kyela. Maji ya kwanza yana vumbi, namwaga. Ya pili naloweka mchele nusu saa, nachuja, mchele unapikwa kama kawaida na maji yanakwenda kwenye chupa. Kyela kwenye joto yangechacha kwa siku moja. Huku kwetu, mita 1,700 hivi juu ya bahari, wakati wa kipupwe nayapa siku mbili. Yakianza kunukia uchachu kidogo, nayapunguza kwa maji ya kawaida nusu kwa nusu, nayamwaga kichwani baada ya shampuu, nasubiri dakika kumi, nasuuza. Mara moja kwa wiki mbili. Niliwahi kufanya kila siku ya tatu, nywele zikakakamaa kama ufagio wa chelewa.

Jirani alinishauri komoni, eti pombe inang'arisha. Nilijaribu mara moja. Kwenye daladala ya kwenda Mwanjelwa mama mmoja alisogea akakaa kiti kingine, na asubuhi ilikuwa bado saa mbili.

Jambo ambalo watu wa Dar hawatakwambia ni saa. Huku ukiosha nywele jioni, utalala nazo mbichi, uamke na harufu ya uvundo. Mimi naanza saa nne asubuhi ili saa sita jua linikute nimeshasuuza. Ikifika saa kumi baridi imerudi.

Kabla ya yote paka kidogo nyuma ya sikio, usubiri mpaka kesho. Kama umetoka kuweka dawa ya kulainisha na ngozi ina vidonda, usiguse limau wala chochote kichachu. Na kama mtoto ana mapunye, yale mabaka ya mviringo yanayonyoa nywele, usimpake parachichi. Mpeleke kituo cha afya. Mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza, ya kupaka peke yake haifiki kwenye mizizi.

Maji ya kusuuzia parachichi usiyamwage kwenye sinki, yataziba bomba. Mimi nayapeleka kwenye mgomba wa shangazi.