Pointi zimeshuka, bosi amekasirika

SWALI: Shikamoo kaka. Naongoza vijana sita wanaotengeneza programu. Kila sprinti, yaani awamu ya kazi ya wiki mbili, tulikuwa tunamaliza pointi 40 (kila kazi tunaipa pointi kwa ukubwa wake). Sprinti tatu sasa hatufiki 25. Bosi anataka wakeshe ofisini. Nifanyeje? – Msimamizi, Kijitonyama

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiwakeshe. Mimi niliwahi kuwakesha wangu, wiki iliyofuata yote ikaishia kurekebisha makosa ya usiku. Tena pointi ni makadirio, si kipimo cha jasho. Ukizikazania watazipandisha tu, kazi ibaki ileile.

Anza na ubao wa kazi, ambako kila kadi ni kazi moja. Kadi ngapi ziko kwenye safu ya “inaendelea”? Kwetu zilikuwa 11 kwa watu watano, nyingi zikimsubiri mkaguzi mmoja, na huyohuyo ndiye aliyepigiwa simu kila mfumo ulipogoma. Tukaweka ukomo wa kadi nne, simu tukazipokea kwa zamu.

Kikao cha asubuhi kisizidi dakika 15. Wakiongea huku wanakutazama wewe, ujue umekigeuza baraza la mahakama. Na kwenye tathmini ya mwisho wa sprinti, mwombe bosi abaki ofisini kwake. Akiwepo, hutaambiwa kinachowakwamisha.