Wastani wa Bevan, kasi ya Richards: maswali yenu kuhusu wapigaji wa kriketi ya siku moja

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: nani mpigaji bora wa mechi za siku moja, na takwimu zisomwe vipi? Kabla ya kujibu, tukubaliane maneno. "Zamu" ni kila mara mpigaji anapoingia kupiga, "kasi" ni mikimbio (alama za kriketi) anayopata kwa kila mipira 100 aliyokabiliana nayo, na "mia" ni zamu aliyofikisha mikimbio 100 au zaidi.

Hapa klabuni Parklands hatuelewani. Mimi nasema Tendulkar wa India ndiye namba moja kwa kuwa ana mikimbio mingi kuliko wote. Vijana wanasema Kohli, Mhindi mwenzake. Tuangalie safu ipi kwenye jedwali? (Msomaji, Nairobi)

Safu ya jumla ndiyo ya mwisho kuangalia, mzee wetu. Inachanganya ubora na muda. Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka ana mikimbio 13,430 kwa mechi 445, Viv Richards wa West Indies (timu ya nchi za Karibi) ana 6,721 kwa mechi 187. Ukipanga kwa jumla, Jayasuriya anamzidi Richards karibu maradufu, na hapo ujue jedwali limekudanganya.

Anza na wastani. Chukua zamu, toa zile alizomaliza bila kutolewa (zilizokwisha yeye akiwa bado uwanjani), kisha gawa mikimbio kwa kinachobaki. Tendulkar alipiga zamu 452 na mara 41 hakutolewa, zinabaki 411. Gawa 18,426 kwa 411, unapata 44.83. Halafu chukua kasi yake, 86.23. Zidisha hizo mbili na ugawe kwa 100: 38.7. Tunazizidisha kwa sababu timu ina mipira 300 tu. Mpigaji anayekaa sana bila kufunga anakula mipira ya wenzake, na anayefunga haraka kisha akatoka anawaachia mzigo.

Kwa hesabu hiyo, Kohli hadi mwisho wa Kombe la Dunia la 2023 (mikimbio 13,848, wastani 58.67, kasi 93.62) anafika 54.9. AB de Villiers wa Afrika Kusini, wastani 53.50 na kasi 101.09, yuko 54.1. Dhoni (India) 44.3, Hashim Amla (Afrika Kusini) 43.7, Richards 42.4, Michael Bevan (Australia) 39.7, Gilchrist (Australia) 34.8, Jayasuriya 29.5. Kwa hiyo vijana wako wana hoja, lakini msiwape ushindi bado.

Kuna mambo mawili ya kurekebisha. La kwanza ni nafasi ya kupiga. Tendulkar alianza akiwa kijana katikati ya orodha, na mia yake ya kwanza ilikuja kwenye mechi ya 79, mwaka 1994. Mwaka huohuo, huko Auckland, alipewa kazi ya kufungua (kuwa kati ya wawili wa kwanza kupiga), akapiga 82 kwa mipira 49. Kama mfunguaji alikusanya mikimbio 15,310 kwa wastani wa 48.29, na mia 45 kati ya 49 zake zilitoka hapo. Ukimlinganisha na mfunguaji mwingine, tumia namba hizo, usitumie za maisha yake yote. La pili ni zama, na hilo tunalijibu hapa chini.

Bevan wa Australia ana wastani wa 53.58, Richards ana 47.00. Je, Bevan alikuwa bora? (Msomaji, Muscat)

Angalia safu ambayo watu huiruka: "bila kutolewa". Bevan alipiga zamu 196, na katika 67 hakutolewa. Hiyo ni zaidi ya zamu moja kwa kila tatu. Richards zamu 167, bila kutolewa 24, yaani moja kwa saba. Ukigawa mikimbio kwa zamu zote, Bevan anashuka hadi 35.3 na Richards anabaki 40.2. Lance Klusener wa Afrika Kusini ni mfano mkali zaidi: zamu 137, bila kutolewa 50. Wastani wake wa 41.10 ukigawa kwa zamu zote unakuwa 26.1.

Ila hapo napo usikimbilie. Anayeingia nafasi ya sita kwenye ova (fungu la mipira sita) ya 40 hawezi kufunga 80 hata akipiga kila mpira vizuri, maana mipira yenyewe haipo. Kumgawia kwa zamu zote ni kumuadhibu kwa kazi aliyopangiwa. Ndiyo maana hatutumii kipimo kimoja. Weka vyote viwili kando kwa kando: tofauti ikiwa ndogo, wastani unaaminika ulivyo. Amla, 49.46 dhidi ya 45.6, hana tatizo. Tofauti ikiwa kubwa kama ya Bevan, mlinganishe na wapigaji wa nafasi ya 5 hadi 7 tu. Hapo Bevan ana mshindani mmoja wa kweli, Dhoni: zamu 297, bila kutolewa 84, wastani 50.57, lakini kwa kasi ya 87.56 dhidi ya 74.16 ya Bevan.

Idadi ya mia ina kasoro hiyohiyo. Bevan ana mia 6 tu katika maisha yake yote. Mtu wa nafasi ya sita asihesabiwe mia, labda kwa kutaniana.

Miaka ya 80 mikimbio 230 ilikuwa inatosha kushinda. Leo 300 inafukuziwa na timu inayopiga ya pili. Tutawalinganishaje watu wa nyakati hizo mbili? (Msomaji, Upanga, Dar es Salaam)

Hili ndilo swali lenyewe. Sheria zimebadilika kwa namna inayompa mpigaji nafuu. Kuanzia 2011 hadi 2025 kila upande wa uwanja ulipewa mpira wake mpya kwa ova zote 50, kwa hiyo mpira ulibaki mgumu kwa muda mrefu na warushaji walipoteza ule mpinduko wa hewani unaokuja mpira ukichakaa. Tangu 2012, baada ya ova 10 za mwanzo, ni wachezaji wanne tu wanaoruhusiwa kukaa nje ya duara la ndani, lile linalozunguka katikati ya uwanja (mwaka 2015 wakaongezwa kuwa watano kwa ova 10 za mwisho). Mapengo hayo ni "nne" (mikimbio minne kwa mpira unaofika mpakani) za bure.

Dawa ni kumpima mtu kwa wenzake wa wakati wake. Njia kamili: kwa kila mwaka aliocheza, tafuta wastani na kasi ya wapigaji wa nafasi ya 1 hadi 7 wa timu zote kubwa, kisha gawa namba zake kwa hizo. Ukipata 1.30, maana yake yuko asilimia 30 juu ya wenzake. Makosa ya kawaida ni kuchukua muongo mzima kama fungu moja, wakati 1981 na 1989 haziko sawa, na kuingiza wapigaji wa nafasi ya 8 hadi 11, ambao wanashusha kipimo na kumpandisha kila mtu.

Kama huna kompyuta ya kufanya hivyo, kuna njia ya mkato inayofanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani: mlinganishe na wenzake wa timu moja. Walikutana na warushaji walewale kwenye viwanja vilevile. Gordon Greenidge alikuwa na kasi ya 64.92, Desmond Haynes 63.09. Richards, aliyeingia baada yao, 90.20. Hao si watu wa mtaani, ni wafunguaji wawili wa kuogopwa, na bado amewaacha kwa mikimbio 25 kwa kila mipira 100. De Villiers anamzidi Amla kwa karibu 13. Kweli wafunguaji hukutana na mpira mpya, na kazi yao ni nyingine kidogo, lakini pengo la 25 halielezeki kwa hilo.

Tazama Old Trafford, Mei 1984, dhidi ya Uingereza. West Indies walikuwa wamepoteza wiketi 9 (wapigaji tisa wametolewa) kwa mikimbio 166. Michael Holding akaingia wa mwisho kuungana na Richards. Wawili hao wakaongeza 106 bila kutolewa, na Holding alifunga 12 tu. Richards alimaliza na 189 kwa mipira 170 kati ya jumla ya 272. Hiyo ni asilimia 69 ya mikimbio ya timu yote. Uingereza wakatoka wote kwa 168. Rohit Sharma alipiga 264 mwaka 2014 pale Kolkata, rekodi kubwa kabisa, lakini katika jumla ya 404: asilimia 65. Gawa zamu ya mtu kwa jumla ya timu, utaona mambo ambayo safu ya "alama ya juu" inaficha.

Shahid Afridi wa Pakistan alipiga mia kwa mipira 37 hapa kwetu Nairobi mwaka 1996. Mbona hayumo kwenye orodha? Na Ryan ten Doeschate mwenye wastani wa 67? (Msomaji, Mombasa)

Zamu moja si maisha. Ile ya Oktoba 4, pale Gymkhana dhidi ya Sri Lanka, ilidumu kama rekodi hadi Januari 2014, na leo ya haraka zaidi ni ya de Villiers, mipira 31. Lakini wastani wa Afridi ulikuwa 23.57. Hata kwa kasi ya 117, anapata 27.6.

Ten Doeschate wa Uholanzi ni tatizo jingine: zamu 32 tu. Zamu za mpigaji hutawanyika sana, leo 0, kesho 110, na kwa kawaida mtawanyiko unakaribia wastani wenyewe. Mwenye wastani wa 40 aliyetolewa mara 25 ana hitilafu ya 40 kugawa kwa kipeuo cha pili cha 25, yaani 8 juu au chini. Akitolewa mara 100, inabaki 4. Sisi tunaweka mpaka kwenye zamu 100. Unamuumiza Zaheer Abbas wa Pakistan (zamu 60, wastani 47.62, kasi 84.80 katika zama za polepole), na tunakiri unauma.

Steve Tikolo naye namba zinamwonea. Wastani wake uko chini ya 30, lakini alikuwa akiibeba Kenya. Kule Kandy, Machi 1996, Sri Lanka walifunga 398 na yeye akajibu kwa 96. Mpime kwa Wakenya wenzake, si kwa Waaustralia.

Kwa nini Dhoni ana mikimbio 10,773 mahali pamoja na 10,599 pengine? (Msomaji, Kampala)

Zote sahihi. Tofauti ni 174, alizozipata akichezea timu ya mchanganyiko ya Asia, katika mechi tatu zilizopewa hadhi rasmi. Chagua kuziingiza au kuzitoa, ila fanya hivyo kwa wachezaji wote.

Acheni hesabu. Tupeni majina matano. (Msomaji, Zanzibar)

Richards, de Villiers, Kohli, Tendulkar, Dhoni. Wa kwanza hatubishani. Wa pili na wa tatu wanabadilishana kila tukigusa mizani ya zama. Kohli anapanda ukitazama kufukuzia, maana zaidi ya nusu ya mia zake 50 za hadi 2023 zimetoka hapo. Nafasi ya tano ilikuwa ya Bevan hadi tulipoweka kasi mezani.