Kama umevuta gesi ya puto, mwambie daktari kabla hajakutoa damu

Hapa London gesi ya puto vijana wetu wanaijua vizuri. Ni naitrasi oksaidi, ileile wanayopewa akina mama wakati wa uchungu, ila hospitalini huchanganywa na oksijeni na mtu anaangaliwa. Mtaani wanajaza puto kutoka kwenye mitungi mikubwa na kuvuta usiku kucha.

Mdogo wangu alianza kwa ganzi ya vidole vya miguu. Ikapanda hadi magotini, akawa anayumba, na gizani hawezi kutembea bila kushika ukuta. Kliniki walimpima vitamini B12, wakaikuta sawa, wakamwambia aende nyumbani. Habari ya gesi hawakuuliza, naye hakuitaja.

Hapa ndipo nawaomba mnisikilize. Gesi hii huiharibu B12 ikashindwa kufanya kazi, hata kama bado imo mwilini. Kwa hiyo kipimo cha kawaida kinaweza kuonyesha inatosha, kumbe utando unaokinga mishipa ya fahamu na uti wa mgongo unaendelea kuliwa. Omba wapime pia homosisteini na asidi ya methilmaloniki. Hizo ni kemikali za mwilini ambazo hupanda B12 isipofanya kazi. Na usimeze vidonge vya B12 kwanza ili "ujikinge": vinavuruga majibu, na ukiendelea kuvuta havikukingi. Asidi ya foliki nayo usiianze kabla ya B12, inaweza kuzidisha madhara ya mishipa. Wasiokula nyama wala maziwa, na wanaotumia metformini ya kisukari, wawe waangalifu zaidi, maana B12 yao huenda ilikuwa ndogo tangu mwanzo.

Aliposema ukweli, hospitali nyingine walimpiga MRI (picha ya ndani ya mwili) ya uti wa mgongo na kumwanzishia sindano za haidroksokobalamini, yaani B12 ya sindano, miligramu 1 kila baada ya siku moja, bila kungoja majibu. Kisha mazoezi ya viungo, na kurudi kupimwa nguvu, hisia na mwendo. Gesi aliacha kabisa. Bila hivyo sindano ni kazi bure.

Mkojo ukikutoka bila kujua, mguu mmoja ukivimba, au kifua kikiuma na pumzi kukata, nenda dharura siku hiyohiyo. Gesi hii imehusishwa pia na damu kuganda.

Wengi wananyamaza kwa sababu tangu Novemba 2023 ni kosa Uingereza kuwa nayo kwa ajili ya kujiburudisha. Lakini daktari anakuuliza ili akutibu. Mtajie unavuta kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.